Mshale Mfupi Ukifika Kumi

Mwenzangu, kuna kazi nilidhani nimezimaliza na wanangu, kumbe wajukuu nao wanazitaka upya. Juzi mjukuu wangu, yule wa darasa la pili ninayekaa naye hapa Mkomaindo, Masasi, alirudi kutoka shuleni na habari kwamba mwalimu anataka kila mtoto afundishwe saa nyumbani. Darasani wako wengi, mwalimu hawezi kumshika kidole kila mmoja. Basi mzazi akate boksi, achore duara, aandike namba, atie mishale miwili, amfundishe mtoto wake. Mzazi mwenyewe ndiye mimi, maana mama yake yuko Dar es Salaam anahangaika na maisha, na mimi nimeamka alfajiri kukaanga vitumbua, miguu imevimba, ninachotaka ni kulala.

Aliyeniokoa ni baba yangu. Ni mzee sasa, hatembei mbali, anashinda barazani na redio yake. Alimsikia mtoto akinisumbua, akamwita. "Lete hilo boksi huku. Saa yenyewe bibi yako nilimfundisha mimi." Akaomba mkasi, akaomba kalamu, akakata mishale kutoka boksi la sabuni, mmoja mfupi na mmoja mrefu, akaishikiza kwa msumari mdogo. Mimi nilikuwa jikoni nasugua karai. Nikasikia maneno yale, nikaacha kusugua. Si kweli kwamba baba ndiye aliyenifundisha saa. Aliyenifundisha ni mama, Mungu amrehemu, na alinifundisha mara mbili. Ngoja nikusimulie wewe, kwa sababu humu ndani sina ninayeweza kumsimulia.

Sisi tumekulia Kitangari, kule juu, kwa bibi mzaa mama. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa wakwe, na baba alihamia pale akiwa na godoro lake na baiskeli isiyo na breki. Nyumba ilikuwa ya udongo, mbele bati na nyuma nyasi, kwa kuwa bati zilinunuliwa mwaka wa korosho nzuri, na mwaka uliofuata korosho hazikuwa nzuri. Ukitoka uani unaingia kwenye mikorosho moja kwa moja. Msimu ukianza, hewa yote ilinuka mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyoiva mpaka yakachacha, harufu tamu inayokwangua koo. Asubuhi tuliamshwa na mchi wa jirani akitwanga muhogo mkavu. Tulikunywa uji wa mtama bila sukari, mchana ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, ikipatikana, jioni ugali wa muhogo na mbaazi zilizopikwa hadi zikawa mchuzi mzito. Sikumbuki kulala na njaa. Kilichotusumbua kule ni maji.

Ardhi yetu ni mchanga, mvua ikinyesha inazama yote. Kulikuwa na mashine bondeni inayosukuma maji hadi bomba la kijiji, na bomba hilo lilifunguliwa kwa zamu: leo upande wetu, kesho upande wa pili. Siku ya zamu yetu msimamizi alifungua kufuli saa kumi jioni, akafunga kabla ya magharibi. Ukichelewa umekosa, na kilichobaki ni kushuka bondeni kwenye kisima. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na ndoo kichwani, njia nyembamba ya mchanga na mawe, magoti yanatetemeka, maji yanakumwagikia mgongoni. Nimeona wanawake watu wazima wakikaa katikati ya njia wanalia, kisha wanafuta machozi wanaendelea, maana nyumbani wanasubiriwa.

Mwaka ninaokusimulia mama alikuwa mjamzito. Alikuwa na mimi na mdogo wangu wa kike, kisha mimba mbili zikaharibika mfululizo, sasa hii ya tatu ilikuwa imekaa. Baba alitaka mtoto wa kiume na hakuficha. Mkunga wa zahanati alimpima mama akamwambia maneno ambayo bibi aliyarudia kila siku mle ndani: kazi nyingine fanya polepole, lakini kile kipando cha bondeni usikipande tena mpaka ujifungue. Kukipanda ni kumpoteza mtoto. Kwa hiyo maji ya nyumba ile yakawa juu yangu, na nilikuwa na umri kama wa huyu mjukuu wangu.

Unaweza kuuliza kwa nini nisiende mapema bombani nikakaa kusubiri. Nisingeweza. Baba alikuwa mlinzi kwenye ghala la korosho huku Masasi, alikuja nyumbani mara mojamoja. Mama aliondoka gizani kwenda shambani kuokota korosho na kurudi magharibi, kwani korosho ukiziacha zilale chini, wataziokota wengine. Nyumbani, nikishatoka shule, nilibaki na bibi, ambaye alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na mdogo wangu aliyekuwa hodari wa kutambaa hadi kwenye moto kisha, alipokua, hodari wa kupotea. Sikuweza kuwaacha kutwa. Ilibidi niondoke wakati uleule unaotakiwa, si kabla wala baada.

Hapo ndipo saa ilipoingia. Baba aliileta kutoka Masasi, saa ya mezani ya kujaza ufunguo, ina kengele mbili juu na miguu mitatu, wa nne umevunjika. Iliwekwa juu ya sanduku la mama na kuegemezwa kwa kisahani. Bibi hakuipenda. "Hicho kidude kinakohoa usiku kucha," alisema, "halafu hakina hata mafua."

Sasa unielewe vizuri hapa. Siku yetu sisi inaanza jua likichomoza, na saa moja asubuhi ndiyo saa ya kwanza ya mchana. Lakini saa za dukani zimetengenezwa kwa hesabu ya Wazungu, na wakati huohuo mshale wake mfupi uko kwenye saba. Watu wa mjini walishazoea, wanaona saba wanasema moja bila kufikiri. Mama hakuona sababu ya mzunguko huo. Alingoja asubuhi, redio ya jirani iliposema ni saa moja kamili, akazungusha kitufe cha nyuma mpaka mshale mfupi ukakaa kwenye moja. Saa yetu ikawa inasema kama tunavyosema sisi. Nyumba kadhaa pale kijijini ziliziweka saa zao hivyo, na watu waliswali, wakala, wakaenda zahanati bila kupotea.

Alinifundisha kwenye ungo. Alichukua korosho kumi na mbili zenye maganda, akazipanga kuzunguka ukingo, akaniambia nizihesabu kwa sauti. Mshale mfupi ulikuwa mwiko wa kusongea, mrefu ulikuwa kijiti cha ufagio. "Huo mrefu uache kwanza," alisema, "huo ni wa wenye haraka. Wewe mwangalie mfupi. Mfupi akifika kumi, beba ndoo." Tukazungusha mwiko, moja, mbili, tatu, naye anauliza, mimi najibu, nikikosea ananifinya sikio kidogo na kucheka. Mikono yake ilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa korosho, ule unaounguza ngozi na haung'oki kwa sabuni. Alikuwa amechoka, mwenzangu. Wakati huo sikujua kuchoka ni nini, nilidhani mama hupenda kukaa chini.

Bibi alikuwa na saa yake mwenyewe, nayo ilikuwa kivuli. Namba hakuziona, lakini mwanga na giza alivitofautisha, na alijua kivuli cha kinu kikifika kwenye jiwe la kusagia ni wakati wa bomba. Tatizo ni kwamba mara moja wingu lilitanda mchana kutwa, kivuli hakikuonekana, tukakosa maji, na mama akashuka bondeni na tumbo lake kabla mkunga hajamkataza. Tangu siku hiyo alimwomba bibi, kwa adabu lakini kwa mkazo, asinichanganye mtoto. "Mama, naomba afuate saa. Jua hufunikwa, saa haifunikwi." Na mimi akanishika mabega akaniambia hivyohivyo: usiangalie nje, usimsikilize mtu, angalia saa.

Niliifuata. Na nikwambie ukweli, nilijisikia. Pale bombani watoto wote waliletwa na mama zao au walikuja kwa kelele za wenzao, mimi nilikuja kwa saa. Wanawake walinitania, "Mama saa kafika, sasa afungue." Ndoo zilipangwa foleni, nyuki wakizunguka matope ya chini ya bomba kutafuta unyevu, na maji ya kwanza yalitoka mekundu kwa kutu, kisha yakasafika. Mama akirudi jioni alikuta mtungi umejaa. Alichota kikombe, akanywa amesimama, akaweka mkono tumboni, akasema, "Ahsante, mama yangu." Mpaka leo nikinywa maji ya baridi naisikia ile sauti.

Kisha baba akaja mapumziko. Shule ilikuwa likizo fupi, nikamwonyesha ninavyosoma saa, akafurahi, akanipa peremende. Lakini aliiangalia ile saa kwa namna fulani, kama mtu anayeangalia shati lake likivaliwa nje ndani. Sababu yake nilikuja kuijua baadaye, ila nakwambia sasa usije ukapotea njiani. Kule ghalani alikuwa amejisifu kwa wenzake kwamba binti yake anajua saa, akaeleza na jinsi anavyoisoma: jua likizama, mshale uko kwenye kumi na mbili. Wenzake walimcheka hadi wakashika mbavu. Saa ya kwako inatembea kichwa chini, walimwambia, ndiyo saa ya watu wa mikoroshoni hiyo. Baba ni mtu wa heshima zake. Kuchekwa kulimuuma.

Asubuhi ya kuondoka, mama alikuwa ameshakwenda shambani gizani, sisi tumelala. Baba akaichukua ile saa, akaangalia saa yake ya mkononi, akazungusha kitufe cha nyuma mpaka zote mbili zikalingana. Akairudisha juu ya sanduku, akadandia lori la korosho linaloteremka Masasi. Aliona atatueleza akirudi. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alitaka nyumba yake iwe na saa kama za watu wengine.

Siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya maji. Asubuhi sikuiangalia saa, sikuwa na haja nayo. Nilifagia uwanja, nikampeleka mdogo wangu kuokota mabibo yaliyoanguka, nikamwagiza asinywe yaliyochacha, akanywa. Mchana tulikula. Baada ya kula nikaketi mbele ya sanduku kama kawaida yangu. Mshale mfupi ulikuwa umepita mbili kidogo. Nikashangaa, maana siku nyingine baada ya chakula huwa umepita nane. Nikaishika saa nikaiweka sikioni. Ilikuwa inakohoa vizuri tu. Nikadhani labda usiku ilisimama, ikachelewa, na sasa inakuja polepole. Mtoto akishapewa amri moja, mwenzangu, anaishika hiyohiyo. Mfupi akifika kumi, beba ndoo. Kumi ilikuwa mbali.

Nikasubiri. Ukafika tatu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mbaazi kwa vidole. "Mwanangu, kivuli kimekaribia jiwe. Toa ndoo."

"Bado, bibi."

Akachambua. Baadaye akanyoosha mguu nje, akaugusa mchanga wa kivulini kwa unyayo. "Kivuli kimepita jiwe. Saa inasemaje?"

"Iko kwenye nne, bibi."

"Nne gani hiyo, na jua linanichoma shavu la magharibi?"

"Mama kasema nifuate saa."

Bibi akaurudisha mguu ndani. Najua kwa nini hakunishurutisha. Alishaombwa na mwanawe asinichanganye, na siku ya wingu yeye ndiye aliyekosea. Aliendelea kuchambua, lakini alikuwa anaangusha mbaazi nzima pamoja na maganda. Mimi nikabaki nimeutolea macho ule mshale, nausukuma kwa moyo, na chini ya moyo huohuo nilijua kuna kitu hakiko sawa, nikaogopa kusimama.

Aliyenisimamisha ni jirani. Alipita njiani na ndoo kichwani, maji yanamdondoka begani, akaniona mlangoni. "Nyinyi leo hamtaki maji? Bomba linafungwa hilo." Nilikimbia na ndoo mbili zinagongana magotini. Nilimkuta msimamizi ameshaondoka, kufuli limening'inia, na chini pale nyuki wamejaa kwenye matope. Niliweka mdomo kwenye bomba nikavuta. Halikutoa hata tone.

Mama aliporudi alizikuta ndoo tupu. Bibi ndiye aliyesema, kwa maneno machache, na hakunilaumu. Mama alifunua mtungi, akaufunika. Jirani alitugawia sufuria moja ya kupikia, zaidi ya hapo asingeweza, naye ana watoto. Usiku ulipoingia, mama akaichukua saa aijaze ufunguo kama alivyofanya kila jioni. Akasimama nayo karibu na koroboi. Aliiangalia muda mrefu, kisha akaangalia mlango ambao baba alipitia kuondoka asubuhi ile. Akaniita.

"Ulikaa hapa unaiangalia?"

"Ndiyo, mama. Haikufika kumi."

"Haikuweza kufika," alisema. "Hukukosea. Umenisikia? Hukukosea." Akaijaza ufunguo, akairudisha mahali pake bila kugusa mishale.

Kesho yake haikuwa zamu yetu. Bibi alisema atakunywa mate yake, mama asishuke. Mama akasema watoto hawawezi kunywa mate, nitachukua nusu ndoo, nitakwenda polepole na mtoto atanisaidia. Kulipokucha tukashuka bondeni, yeye na ndoo, mimi na dumu dogo. Kule chini kulikuwa na ubaridi na migomba, maji yanatoka taratibu kwenye mchanga, unachota kwa kata unasubiri yajae tena. Mama alikuwa mchangamfu, alisalimiana na wanawake, shikamoo kwa huyu, marahaba kwa yule. Nilifikiri tumepona.

Tulipanda hadi kati. Pale penye mawe akasimama, akaniambia nishike ndoo. Hakuanguka. Watu baadaye walisema ameanguka, hakuanguka, alikaa tu, polepole, akashika mchanga kwa mikono miwili. Akaniambia niwaite wale wanawake. Walikuja wakamzungushia kanga zao, wakanigeuza uso nisione. Mtoto alikuwa wa kiume, amekuja kabla ya wakati wake, mdogo mno. Walimpandisha mama nyumbani kwa kitanda cha kamba. Mtoto alipumua hadi adhuhuri, kisha hakupumua tena. Jioni alizikwa nyuma ya mikorosho, na bibi alimwosha mwenyewe, kwa vidole, kwa ile nusu ndoo aliyoichota mama.

Huenda angekufa vilevile. Mkunga alisema wanaokuja mapema hivyo wengi hawakai, na mimba mbili zilishaharibika kabla bila kipando wala kisima. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Kuna siku inasaidia.

Baba alipopata habari alipanda kutoka Masasi, akalia mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akauliza mama alifuata nini bondeni naye amekatazwa. Mama alikuwa amelala upande, amejifunga kanga kifuani kwa nguvu maana maziwa yalikuwa yanatoka na hakuna wa kuyanyonya. Akasema, "Bomba halikutoa maji siku ile." Bibi alikuwa pembeni, na mimi pia. Hatukusema neno. Jirani aliyekuja na maji yake siku ile alikuwa uani, na kama alisikia, alijifanya hakusikia.

Wiki zilizofuata mama hakwenda shambani. Siku moja akaniambia nilete ungo. Akapanga korosho kumi na mbili kama mwanzo, lakini safari hii aliuweka mwiko kwenye nne. "Ukiona hapa, usiseme nne. Vuka ng'ambo, uone kinachotazamana nayo." Nikavuka kwa kidole katikati ya ungo, nikafika kwenye kumi. "Ndiyo saa ya bomba. Kuanzia leo unasoma kilicho ng'ambo." Tukauzungusha mwiko: kwenye moja, ng'ambo ni saba, kwenye sita, ng'ambo ni kumi na mbili. Nilikuwa nalia, nikamwambia turudishe mshale kama zamani, ni rahisi kuurudisha. Akasema, "Baba yako kaupenda hivi. Tutajifunza sisi." Nikikosea hakunifinya sikio. Kanga yake ilikuwa imelowa mbele, naye akaendelea kuuliza, hii ngapi, na hii ngapi, mpaka nikazijua zote.

Arobaini ilipokwisha baba alikuja tena. Akanikuta naisoma saa kwa hesabu ya mjini, akafurahi sana. Ndipo alipotueleza habari ya wenzake kumcheka. "Mmeiona nilivyoiweka sawa?" alimuuliza mama. Mama alikuwa anakuna nazi. Akasema, "Tumeiona." Akaendelea kukuna.

Miaka ilipita, mama akazeeka, tukamleta huku Mkomaindo awe karibu na hospitali. Siku moja nikimkanda miguu nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia baba. Alifikiri kidogo, kama anatafuta kitu cha kawaida tu, sindano au kitambaa. "Yule alikuwa na huzuni ya mtoto," alisema. "Hiyo alikuwa anaiweza. Nikimwongezea na hii, asingeweza. Na mimi ningebaki na mume gani?" Halafu akaniambia mguu wa kushoto ndio unaouma zaidi, nikahamia wa kushoto. Alifariki kabla ya mvua za mwaka jana. Ile saa ya kengele mbili ilishaharibika zamani, nyumba ya Kitangari imebaki ukuta mmoja, na nasikia siku hizi maji yanafika hadi uani kwa baadhi ya watu. Watoto wanasoma saa kwenye simu, namba tupu, hakuna mshale wala ng'ambo.

Basi juzi, kama nilivyokwambia, nilikuwa jikoni na karai langu, baba yuko barazani na mjukuu na lile boksi. Nikamsikia anamsimulia. Zamani, anasema, kina bibi yako walikuwa wanaiweka saa kichwa chini, mimi ndiye niliyewarekebishia, nikaamka asubuhi moja nikaiweka sawa. Mtoto anacheka. Baba naye anacheka, na kwa umri wake kicheko kinamchosha, akakohoa, akanywa maji. Kisha akageuza uso upande wa jikoni akapaza sauti.

"Sivyo, mama? Tangu siku ile hamkupata tabu tena ya saa."

Nilishika mlango. Alikuwa ananiangalia kwa furaha, mtoto naye ananiangalia, kidole chake kwenye ule mshale mfupi. Tuliojua siri ya ile saa tulikuwa watatu, bibi, mama na mimi. Bibi ametangulia, mama amemfuata, nimebaki peke yangu, na nimechoka.

"Ndivyo, baba," nikamwambia. Nikarudi kumalizia karai.